Bomba lililopitisha hewa kinyume: kisa cha darasa lililoiga kichuguu

Usuli

Shule ni ya kutwa, iko kwenye uwanda wa Kano, Kaunti ya Kisumu. Jina lake limeachwa, pamoja na ya walimu na wanafunzi na mambo madogo madogo ambayo yangeitambulisha. Madarasa ni ya matofali, paa la mabati, bila dari. Ikikaribia saa sita mchana mabati huanza kulia kwa kutanuka, na mwalimu anayeweza kuhamishia kipindi chini ya mti huhama.

Darasa lilikuwa la Gredi ya 8 lenye wanafunzi 48, vikundi sita vya watu wanane. Mwalimu wa sayansi na mwenzake wa ufundi waliunganisha vipindi vyao ili kufundisha jinsi maumbile yanavyowapa wabunifu mawazo. Kazi ya mwisho ilikuwa hii: kila kikundi kitengeneze kisanduku chenye kifuniko cha mabati, mfano wa darasa lao, kisha kikifanye kipungue joto mchana bila umeme kwa kuiga kiumbe chochote. Walitenga vipindi 8 vya dakika 40. Vikaishia kuwa 13.

Vifaa havikugharimu sana. Katoni saba za ukubwa mmoja (urefu sentimita 40, upana 30, kimo 30) ziliombwa dukani. Fundi alikata mabati ya kufunikia, akakunja makali yote ili yasikate vidole. Udongo wa mfinyanzi uliletwa na wanafunzi wenyewe, na maabara ilikuwa na vipimajoto saba vya spiriti. Vikundi ni sita na katoni ni saba kwa sababu ile ya saba ilikuwa ya kulinganishia: ina kifuniko cha mabati kama wenzake, lakini haitobolewi wala haiongezwi chochote. Haikuwamo kwenye mpango wa mwanzo. Mwalimu wa ufundi ndiye aliyeisisitiza, na bila hiyo katoni walimu wasingejua kwamba kuna kilichoharibika.

Wiki ya kwanza: vitu vinne mezani

Kila kikundi kilipewa jani la nduma, mbegu za kishonanguo, gugumaji moja zima na kipande cha kichuguu, pamoja na lenzi ya mkono.

Jani la nduma lilienda vizuri. Tone la maji likidondoshwa kwa mrija linabaki duara kama gololi na kubingirika, likizoa vumbi njiani. Kisha wanafunzi walisugua sehemu ndogo ya jani kwa kidole chenye sabuni, wakasuuza, wakadondosha tone jingine palepale. Likatanuka na kulowesha. Sababu ni kwamba juu ya jani kuna vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyofunikwa na nta laini. Tone hukaa juu ya ncha zake na hewa ikabaki chini yake. Sabuni na kidole huondoa nta, mchezo ukaisha. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa kina kupitia jani la mmea wa lotasi, na kutokana na kazi yake zikatengenezwa rangi za kuta za nje ambazo mvua huziosha yenyewe.

Kwenye kishonanguo mwalimu wa sayansi alianza na hadithi kabla ya lenzi. Mwaka 1941 mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka matembezini akakuta mbegu zimeng'ang'ania nguo zake na manyoya ya mbwa wake. Alipozichunguza akaona ndoano ndogo, na kutoka hapo ikazaliwa ile gundi-kavu ya viatu na mabegi iitwayo Velcro, aliyoipatia hataza mwaka 1955. Hadithi ni ya kweli. Tatizo lilitokea wanafunzi walipochungulia. Msichana mmoja aliinua kichwa akasema, "Mwalimu, hii haina ndoano."

Alikuwa sahihi. Mbegu ya kishonanguo ina miiba miwili au mitatu kwenye ncha, imenyooka kabisa, na kila mwiba umejaa vijino vinavyoelekea nyuma, kama chusa cha kuvulia samaki. Huingia kwa urahisi na hukataa kutoka. Mbegu aliyoiona de Mestral ni ya mmea mwingine usio wa huku, wenye ndoano zilizopinda kwenye ncha. Tofauti hii si ndogo: ndoano iliyopinda hubanduka na kunasa tena mara nyingi, hali chusa hakifunguki bila kuvunjika au kuchana uzi. Mbegu moja ingetufundisha kufunga na kufungua. Nyingine inafundisha kushika moja kwa moja. Mwalimu alijibu kwamba "ni karibu sawa" na kuendelea na kipindi.

Gugumaji halikuwa na hadithi yoyote. Mwalimu alilikata kwa wembe kwenye ule uvimbe wa kikonyo, wanafunzi wakaona sponji yenye vijumba vya hewa vilivyotengwa na kuta nyembamba. Kipande kilikatwa mara mbili, mara nne, mara nane, vyote vilielea. Chupa ya plastiki iliyotobolewa mara moja ilijaa na kuzama. Madaftari ya siku hiyo yana mistari miwili mitatu kuhusu kishonanguo, mingi ikirudia maneno ya mwalimu, na karibu ukurasa mzima kuhusu gugumaji. Kikundi kimoja kiliandika kwamba mashua yenye vyumba vingi vilivyozibwa isingezama kwa tundu moja.

Wiki ya pili: kichuguuni

Huku magharibi kichuguu kina mwenyewe. Kumbikumbi wanaotoka baada ya mvua ni chakula, na mtu hajiendei tu kuchokonoa kichuguu cha jirani. Ruhusa iliombwa kwa mwenye shamba siku tatu kabla. Vichuguu vilikuwa viwili: kimoja kizima, kingine kimehamwa na kukatwa nusu na wafyatua matofali, tumbo wazi. Sheria ilikuwa moja tu na ilirudiwa: hakuna mkono unaoingia tunduni, kwa sababu nyoka hupenda makao hayo. Kuonyesha ni kwa kijiti.

Pale ikadhihirika kwamba watoto wanajua mengi. Walionyesha matundu ambayo kumbikumbi hupitia, jinsi nyumbani wanavyofunika kichuguu kwa fito na blanketi na kubakiza njia moja inayoishia kwenye shimo, jinsi wanavyogonga vijiti ili wadudu wadhani mvua inanyesha. Walijua uyoga huota wapi. Mpango wa somo haukuwa na nafasi ya haya, basi yakapita.

Vipimo viwili vilifanyika. Cha kwanza: kwa nondo ya milimita 12 walitoboa udongo kando ya kichuguu kwa kina cha sentimita 5, 30 na 60, wakateremsha kipimajoto kwa uzi, wakaziba mdomo wa shimo kwa kitambaa, wakasubiri dakika 5. Saa mbili asubuhi kina cha sentimita 5 kilisoma nyuzi 22. Saa nane mchana, 36. Kwa sentimita 60 asubuhi ilikuwa 26 na mchana 26. Namba hizi ziliandikwa ubaoni na kufutwa kipindi kilipoisha. Kwa bahati nzuri zilibaki kwenye madaftari.

Cha pili kilikuwa cha kujaribu tu. Kipimajoto kimoja kiliachwa usiku kucha ndani ya kichuguu kizima, kikining'inia kwenye tundu lililotobolewa. Asubuhi uzi ulikuwa umekaza. Kilipovutwa kilitoka kimevikwa udongo mbichi toka tumboni hadi shingoni, na tundu limezibwa. Mchwa hawakuacha upenyo usiotakiwa hata kwa usiku mmoja.

Waliporudi darasani mwalimu alisimulia jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996 na kubuniwa na msanifu Mick Pearce kwa kufikiria kichuguu. Alivyoeleza, hewa moto ndani ya kichuguu hupanda na kutokea juu kwenye bomba, hewa baridi ikaingia kwa matundu ya chini, na jengo hufanya vivyo hivyo. Akachora bomba ubaoni. Siku hiyo vikundi vitano kati ya sita vilichagua kichuguu. Kilichobaki, kile cha mashua, kilichagua gugumaji: vikonyo vilivyokaushwa juani vipangwe kwa unene wa sentimita 3 chini ya mabati, viwe dari.

Wiki ya tatu: kujenga na kupima

Vikundi vitano vilijenga mabomba ya udongo ya sentimita 30, tundu la ndani sentimita 5, juu ya kifuniko. Chini ya katoni walitoboa matundu sita kwa penseli. Kikundi kimoja kilifinyanga kichuguu chenye vilima na mifereji hata kikapigwa picha na mwalimu mkuu. Tathmini ilitumia ngazi nne za kawaida, kutoka kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, na kigezo cha kwanza kilikuwa "kufanana na kiumbe kilichoigwa". Kichuguu cha picha kilipata kuzidisha. Dari ya gugumaji ilipata kukaribia, kwa maelezo kwamba haifanani na mmea.

Kisha visanduku vikawekwa juani kuanzia saa nne. Saa nane cha kulinganishia kilisoma nyuzi 41. Vya mabomba vilikuwa kati ya 40 na 43. Cha gugumaji kilikuwa 35. Kivulini nje ilikuwa 30.

Walimu walianza kwa kushuku vifaa, na walikuwa na haki. Vipimajoto vyote saba vilitumbukizwa kwenye ndoo moja ya maji na kukorogwa: kimoja kilisoma nyuzi 2 zaidi, kingine 1 pungufu. Isitoshe, vinne vilikuwa vimening'inizwa sentimita 3 chini ya mabati, vikichomwa na miale ya mabati yenyewe badala ya kupima hewa. Vipimo vya siku hiyo vilitupwa. Siku ya pili kila kipimajoto kiliwekwa katikati ya kisanduku ndani ya kijibomba cha foili kilicho wazi juu na chini, na marekebisho ya ndoo yakaandikwa juu yake kwa kalamu isiyofutika. Kulinganishia: 38. Mabomba: 37 hadi 39. Gugumaji: 33.

Kumbe picha ni ileile. Mabomba hayafanyi lolote.

Mwalimu wa ufundi akawasha koili ya mbu na kuishika kwenye mdomo wa bomba. Moshi ukashuka ndani. Akaishika nje ya matundu ya chini upande uliokingwa na upepo. Moshi ukasukumwa mbali na kisanduku, hewa ikitoka. Saa saba hiyo, upepo wa ziwa ulikuwa umeshaanza kuvuma kama kawaida yake mchana. Bomba lilikuwa linapitisha hewa kinyume.

Uamuzi

Njia zilikuwa tatu. Kufunga kazi, alama zibaki zilivyo: zilikuwa zimeshaandikwa na ratiba ilikuwa imebana. Kusema kasoro ni ya ufundi na kujenga mabomba marefu zaidi: ndilo wanafunzi wengi walilotaka. Au kurudi nyuma kwenye swali ambalo halikuulizwa, yaani kichuguu kinafanya kazi gani hasa.

Walichagua la tatu kwa sababu ya namba mbili zilizokuwa kwenye madaftari: 26 na 26. Ikiwa udongo wa kina cha sentimita 60 haubadiliki kutoka asubuhi hadi mchana, basi huenda ubaridi wa kiota hautoki kwenye bomba. Mwalimu wa sayansi aliliambia darasa wazi kwamba maelezo yake ya ubaoni yalikuwa na pengo. Lilikuwa jambo gumu mbele ya watoto 48, na lilibadilisha sauti ya darasa: vikundi vilivyokuwa vikificha vipimo vibaya vilianza kuvileta.

Gharama ilikuwa vipindi vitano zaidi. Naibu mwalimu mkuu alipinga, akisema silabasi haingoji vichuguu. Wakakubaliana: vitatu vitoke kwenye sayansi, viwili kwenye saa za klabu za Ijumaa.

Kabla ya kuchora upya, kila kikundi kilitakiwa kuandika sentensi moja yenye sehemu tatu: kiumbe, kazi, njia. Neno linalotaja umbo lilikatazwa. "Kichuguu kina bomba" ilirudishwa. "Kiota cha mchwa hakipati joto haraka kwa kuwa kimezungukwa na udongo mwingi" ilipita. Baadhi walirudishwa mara nne.

Majaribio ya pili

Vikundi vitatu viliiga uzito wa udongo, ila kwa kutumia maji, ambayo hubeba joto zaidi kwa kilo moja na hayahitaji kukaushwa. Chupa tatu za lita 2 ziliwekwa kando ya kuta. Jioni kifuniko kiliinuliwa kwa mawe ya sentimita 3 ili maji yapoe usiku, na saa mbili asubuhi kikafungwa kabisa. Vikundi viwili vilibaki na bomba lakini vikatoboa dirisha la sentimita 10 kwa 4 upande wa ziwa, na kukinga mdomo wa bomba ili upepo usiingilie juu. Cha gugumaji kiliongeza unene hadi sentimita 6.

Siku ya kwanza, saa nane, nje kivulini nyuzi 30: kulinganishia 38, maji 33, bomba jipya 34, gugumaji 32.

Usiku wa pili mvua ilinyesha. Mlinzi wa usiku, ambaye wanafunzi walimkabidhi kazi ya kuangalia visanduku, alifunika vyote kwa turubai asije akalaumiwa kwa kuharibika vipimajoto. Alifanya alivyopaswa. Siku iliyofuata jua lilikuwa kali vilevile na visanduku vya maji vilisoma 36. Watoto wawili watatu walitaka kumlaumu mzee. Mwalimu wa ufundi akawaambia wamshukuru, maana amewafanyia jaribio ambalo hawakulipanga: maji yaliyokosa kupoa usiku hayana cha kutoa mchana.

Siku ya tatu kikundi kimoja cha maji na kile cha gugumaji waliomba kuungana. Dari ya sentimita 6 juu, chupa tatu chini, kifuniko wazi usiku. Saa nane kisanduku chao kilisoma 29, chini ya joto la nje kwa nyuzi moja. Ndicho pekee kilichofika hapo. Lakini jioni saa kumi na mbili, kisanduku cha kulinganishia kilipokuwa kimeshuka hadi 27, visanduku vya maji vilikuwa bado 29. Joto lililomezwa mchana lilikuwa linatoka polepole. Kwa shule ya kutwa si hoja. Kwa bweni ingekuwa hoja kubwa.

Kilichofuata shuleni

Mwalimu mkuu alitaka mabomba yajengwe juu ya madarasa. Walimu walimshauri asubiri. Kuacha madarasa wazi usiku nako kulikataliwa, kwa sababu ya wizi wa vitabu, na pingamizi hilo halina jibu la kisayansi. Lililowezekana lilikuwa dogo: chini ya paa la kila darasa kulikuwa na matofali ya matundu yaliyozibwa kwa magunia miaka mingi, kuzuia popo na mvua ya upepo. Wanafunzi waliomba magunia yaondolewe kwenye madarasa mawili, yakawekwa wavu wa waya wenye matundu mapana. Alama za awali zilifutwa na kutolewa upya kwa kigezo kingine.

Uchambuzi

Tuanze na bomba, kwa sababu kushindwa kwake kunahesabika. Hewa hupanda bombani kwa sababu iliyo ndani ni nyepesi kuliko ya nje. Kwa bomba la sentimita 30 na tofauti ya nyuzi 8, kwa mwinuko wa Kano, nguvu ya kuvuta haifiki sehemu moja ya kumi ya paskali, kipimo cha shinikizo la hewa. Upepo wa mita 1 tu kwa sekunde, ule wa kutikisa majani, husukuma kwa karibu nusu paskali. Upepo ulikuwa na nguvu mara sita ya bomba, basi ukaamua hewa ipite wapi. Juu ya hayo, matundu sita ya penseli yana eneo la sentimita za mraba 3 kwa jumla, na mdomo wa bomba una 20. Hewa haitoki kuliko inavyoingia. Wanafunzi waliyafanya madogo kwa sababu matundu waliyoyaona kichuguuni ni madogo. Waliiga kwa uaminifu kitu kisichohusika.

Hata hivyo ni kosa kuondoka na imani kwamba bomba halifai. Bomba la mita 3 lina nguvu mara kumi kwa tofauti ileile ya joto. Kisanduku cha katoni hakiwezi kulihukumu bomba la jengo, na hapo ndipo ushauri wa kusubiri ulipotoka: mfano mdogo ulikuwa hausemi ndiyo wala hapana. Mambo yanayotegemea kimo hayapungui sawasawa na mfano unapopunguzwa, na mwalimu anayetaka kutumia katoni achague kazi inayodumu kwa udogo, kama kuzuia joto la paa.

Kwa nini maji yalifaa? Hewa yote ya kisanduku ni lita 36, uzito wake kama gramu 36. Kuipoza nyuzi 8 ni chini ya nusu kilojuli (kipimo cha nishati ya joto), na mabati huirudishia joto hilo papo hapo. Lita 6 za maji zikipanda nyuzi 8 humeza kilojuli 200 hivi. Ukitaka kukaa mahali pa baridi, usishughulike na hewa. Shughulika na kile kizito kinachoizunguka. Mchwa hawakusoma hili popote, wamejenga chini ya ardhi tu.

Hadithi ya Eastgate inahitaji kusimuliwa upya. Maelezo ya hewa moto kupanda yalitolewa na mtafiti wa mchwa, Martin Lüscher, mwaka 1961 na yakaenea. Baadaye watafiti Scott Turner na Rupert Soar, kwa vichuguu vya Namibia, walionyesha kwamba joto la kiota hupanda na kushuka na majira pamoja na udongo ulio jirani, na kwamba kazi ya kile kilima ni kubadilishana hewa, zaidi kama pafu kuliko bomba la moshi, upepo ukishiriki. Mwaka 2015 watafiti waliopima vichuguu vya aina nyingine huko India walikuta hewa ikizungushwa na tofauti ya joto la mchana na usiku kwenye kuta. Nchini Kenya kuna mchwa wanaojenga vilima vilivyozibwa na wengine wenye mabomba wazi, kwa hiyo hata neno "kichuguu" linaficha mitambo zaidi ya mmoja. Na Eastgate yenyewe haitegemei mabomba peke yake: ina feni, zinazozunguka kwa nguvu zaidi usiku ili kupoza saruji nyingi ya jengo, saruji ambayo mchana humeza joto. Ni chupa za maji zile, kwa ukubwa mwingine.

Hapa pana utamu ambao darasa lilikaribia kuukosa. Jengo linafanya kazi ijapokuwa maelezo ya mchwa yaliyokuwa yakiaminika hayakuwa kamili. Wahandisi walipima na kuhesabu jengo lao. Kichuguu kiliwapa wazo, hakikuwapa ramani. Wanafunzi walipewa wazo kana kwamba ni ramani.

Dalili ilikuwepo tangu kishonanguo. Kila mahali hadithi maarufu ilipotangulia, macho yalitafuta kinachofanana nayo. Yule msichana peke yake ndiye aliyeangalia mbegu iliyo mkononi, akajibiwa "karibu sawa". Gugumaji, lisilo na mvumbuzi wa kusifiwa, ndilo lililotoa maandishi marefu na kisanduku bora cha duru ya kwanza. Si kwamba hadithi zina madhara. Zinafaa baada ya lenzi.

Kigezo cha "kufanana" kilimalizia kazi. Mtoto wa miaka 13 huona haraka alama ziko wapi. Kwa kuthamini sura, tathmini iliwalipa waliofinyanga vilima na kumwadhibu aliyeelewa kwamba vijumba vya hewa vinavyoelesha mmea majini vinaweza pia kuzuia joto chini ya bati.

Lililobaki ni ujuzi wa nyumbani, na hapo hata duru ya pili haikurekebisha kitu. Mtoto anayejua tundu lipi hufunguliwa baada ya mvua na lipi huzibwa tayari anajua kwamba kichuguu huongoza hewa na unyevu kwa kuziba na kuzibua, jambo ambalo kipimajoto kilichovikwa udongo kilikuwa kinalionyesha. Hakuna kikundi kilichojaribu kisanduku chenye matundu yanayofunguliwa na kufungwa kwa saa. Walikuwa na kila sababu ya kukifikiria.

Kwa atakayerudia

Pima udongo kwanza, kabla ya kusimulia jengo lolote, na namba zibandikwe ukutani. Vipimajoto vipite kwenye ndoo moja siku ya kwanza. Ni dakika 10. Koili ya mbu iwashwe nje, ishikwe kwa koleo, na kila kisanduku kipitishwe moshi kabla ya kupewa alama, kwani moshi huonyesha kwa nusu dakika kile ambacho joto huchukua saa nne kukisema. Vikonyo vya gugumaji vikaushwe siku nne kamili juani: vilivyokauka nusu huota ukungu ndani ya wiki na kunuka, na cha kikundi kile kilianza kunuka siku ya sita. Mlinzi apewe maelekezo ya maandishi kuhusu mvua: kifuniko kibaki wazi, turubai ifungwe juu ya fito nusu mita kutoka kwenye visanduku.